Kabla Redio Haijasoma Jina Langu

Robi binti yangu,

Kesho saa saba mchana, kwenye matangazo ya vifo, redio itasoma jina langu, na mimi sijafa. Nataka ulisikie kwangu kwanza. Basi lenu litakuwa limepita Kericho. Dereva ataongeza sauti kama wafanyavyo watu wote wa huku kwetu saa hiyo, abiria watanyamaza wasikie nani amekwenda, halafu katikati ya marehemu wa Rongo na marehemu wa Ndhiwa litatokea jina la baba yako: Ogada, fundi wa amplifaya, Homa Bay. Wewe utakuwa umekaa hapo na barua ya kazi kwenye mkoba, na barua hiyo ina jina hilo hilo.

Nakuandikia kwa Kiswahili maana ndicho tulichotumia kugombana na kupatana nyumbani. Mama yako Mkuria, mimi Mjaluo. Tulipooana kila mmoja alijua kutukana kwa lugha yake tu, ikabidi tupatane kwa lugha ya sokoni. Habari za baridi ya Nairobi na za kufunga mlango sitakuambia. Shangazi yako amekuambia tangu Jumapili mpaka mimi mwenyewe nikatoka nje. Isitoshe, tangu mama yako afariki hujaniuliza ushauri hata wa kuchemsha maji. Sikulaumu. Ila leo soma mpaka mwisho, nyathina, mwanangu. Ukikasirika, tukana, halafu endelea kusoma.

Neno lenyewe ni hili: boksi zangu za amplifaya zinaua. Moja imeshaua mtu. Tatu sijui ziko wapi, na kesho ni Ijumaa. Jumamosi watu wanazika, na wakizika wanatafuta amplifaya.

Ngoja nianze na sifa, maana makosa yangu yote yalianzia kwenye sifa. Wewe umekulia kwenye ile karakana, umelala juu ya magunia ya spika. Unajua nilivyokuwa nakunja bati, nasokota koili ya transfoma kwa mkono, natoa vipuri kwenye redio zilizokufa, natengeneza amplifaya ya kuhutubia watu. Kanisa, harambee, mnada, mazishi. Lakini boksi zangu zilikuwa na ugonjwa mmoja, zilikuwa zinavuma. Mtu akinyamaza, boksi inaendelea, mmmmm, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Kwenye harambee hakuna anayejali. Kwenye mazishi mama anamlilia mwanawe, na boksi inalia pamoja naye, na watu wanageuka kumtazama fundi.

Siku moja nilikuwa nafungua plagi, waya wa kijani ukachomoka. Wewe huo waya umeusomea, lakini acha niueleze kama fundi. Unashika bati la boksi na kulipeleka mpaka ardhini, ili stima ikipotea njia humo ndani iende kwenye udongo, isiende kwa mtu. Basi ulipochomoka, mvumo ukanyamaza. Nikaurudisha, mvumo. Nikautoa, kimya. Haki ya Mungu nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na dawa ya kweli ya mvumo nilikuwa naijua! Unafunika zile nyaya nyembamba za maiki, unaipeleka transfoma mbali nazo, unasokota koili upya. Ni kazi ya siku mbili kwa kila boksi. Kukata waya ni kazi ya koleo, mara moja tu. Nikachukua koleo.

Nikazipaka rangi ya bluu, nikaandika Sauti Safi kwa brashi nyembamba. Nilitengeneza kumi na tisa. Watu walikuja kutoka Migori, kutoka Sirari ng'ambo ya mpaka, kutoka visiwani. Wakasema boksi ya Ogada hainung'uniki. Nilitembea mjini kifua mbele, wewe unakumbuka, mpaka mama yako akaniuliza kama shati limekuwa dogo.

Mwaka uliofuata, ukiwa shule ya bweni, akaja kijana mmoja kutoka ofisi ya viwango. Kijana mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi, kipimo chake mkononi. Akasalimia kwa adabu, akaomba kufungua boksi moja. Wateja walikuwepo, wanne au watano. Akafungua, akatazama, akanyanyua kichwa.

"Mzee, waya wa ardhi uko wapi?"

"Uko ardhini," nikamwambia. Watu wakacheka.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaeleza polepole: waya ule lazima uwepo, fyuzi lazima iwepo, kamba ya stima ibanwe isivutike, na boksi ipimwe kabla haijauzwa. Halafu akatoka nyuma, akaona nilipokuwa nachoma nyaya kuukuu nipate shaba, ule moshi mweusi, na mahali nilipokuwa namwaga tindikali ya betri, kwenye ule mfereji unaoshuka ziwani. Akaniambia, "Mzee, na hapo chini akina mama wanateka maji." Nikamjibu maji ya Mungu hayana mwenyewe. Nikajua ametumwa kula, kwa hiyo nikamfungia ngege wawili wakubwa kwenye gazeti. Akawakataa. Alikataa samaki, Robi, mtu wa ofisi! Badala ya kushtuka nikasema mbele ya wote kwamba kijana huyu hajawahi kushika bisibisi, ameshika kalamu tu, aende akaoe kwanza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliniachia karatasi yenye masharti yote. Ile karatasi niliibandika kwenye spika iliyopasuka, nikaipaka gundi, spika ikafanya kazi vizuri.

Sasa wewe unakwenda kuwa kijana yule. Nilipoisoma barua yako ya kazi, kwamba utakaa maabara kupima vifaa vya umeme kabla havijafika kwa watu, nilienda kukaa chooni nikalia. Wewe ulifikiri nina tumbo.

Sasa kifo chenyewe, kule Rangwe. Nilipeleka boksi mwenyewe, ya kukodisha. Mzee mmoja alikuwa amefariki, mazishi makubwa, hema la mabomba ya chuma, stima tumeivuta kutoka kinu cha kusaga cha jirani. Asubuhi mvua ilinyesha mpaka boma likawa tope tupu. Mchana ikakatika, wakaanza hotuba. Mwana wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, akaja kusoma maisha ya baba yake. Viatu alikuwa amevivua kwa sababu ya tope, suruali ameikunja. Akashika maiki. Alisoma vizuri, sauti yake ilifika mpaka barabarani. Alipofika mahali pa kusema baba yake alimfundisha kuendesha baiskeli, machozi yakamshinda, akanyoosha mkono mwingine akashika bomba la hema.

Akasimama wima. Watu wakafikiri ni kilio. Akina mama wakaanza kulia naye. Mimi nilikuwa nyuma ya boksi, naona vidole vyake, vile vidole havikuwa vinashika maiki, maiki ndiyo ilikuwa imevishika. Nikang'oa plagi kwa mguu. Akaanguka kifudifudi topeni.

Koili niliyosokota kwa mkono wangu ilikuwa imechubuka ndani, stima ikagusa bati, na bati halikuwa na pa kuipeleka. Nilijua hapo hapo, kabla hata hawajamgeuza uso. Mjomba wake mmoja akapiga kelele, "Baba yake amemwita! Jaduong' amemwita!" Na neno lile likakimbia bomani kushinda moto kwenye nyasi. Wangeuliza tu, mtu mmoja angegeuka aniulize, ningesema. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya miaka hii yote. Hakuna aliyeuliza. Nikakunja nyaya zangu, nikapakia boksi kwenye mkokoteni, nikaondoka. Kuna mtu alinisaidia kusukuma kwenye tope, akaniambia pole kwa kazi.

Haikuishia hapo. Wiki chache baadaye wazee wakakaa, wakatafuta sababu ya vifo viwili ndani ya boma moja. Wakaipata. Mwalimu alikuwa amejenga nyumba ya mabati kabla kaka yake mkubwa hajajenga. Amemruka mkubwa wake, wakasema, hiyo ni chira, laana ya mwenye kuvunja mila, na chira haiishii kwa mtu mmoja. Nyumba ikang'olewa. Mjane na watoto wake watatu wakahamia kibanda cha nyasi pembeni. Mimi nilisikia habari hiyo kwa kinyozi, nikiwa na povu usoni. Kinyozi akaniambia, "Mila ni mila, fundi." Nikasema, "Kweli."

Robi, mimi sijui kama chira ipo au haipo. Baba yangu aliiogopa, na mimi sipiti pale kwetu bila kuiogopa kidogo. Lakini ile ya Rangwe naijua. Ile niliikata kwa koleo.

Hapo ndipo nilipoanza zile safari. Sasa tumefika kwako, na kwa mama yako.

Niliamua kuzitafuta boksi zote, moja moja, nizirudishie waya. Lakini sikutaka kusema kwa nini. Nilikuwa nafika mahali nasema nimepita tu, nimekuja kubadilisha kamba ya stima bure, ni shukrani kwa mteja. Jumamosi hii Uriri, ile nyingine Muhuru, ile nyingine mbali zaidi. Boksi zilikuwa zimeuzwa na kuuzwa tena. Ogwedhi peke yake nilikwenda mara sita, kwa sababu dalali mmoja wa ng'ombe alikuwa nayo pale mnadani, na kila nikifika ananiambia ameiazimisha, rudi wiki ijayo. Narudi nyumbani Jumapili jioni, viatu vina tope jekundu la Ogwedhi, mfukoni sina kitu, nanuka moshi wa nyama choma.

Mama yako hakuwa mtu wa kuzunguka. Aliweka ugali mezani, akakaa mbele yangu.

"Baba Robi, ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo wa Ogwedhi. Kama ni mke, mlete nimjue. Mimi ni Boke, siogopi mwanamke mwenzangu. Naogopa kudanganywa."

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Ugali ulikuwa moto, wewe ulikuwa kwa shangazi yako, mlango umefungwa. Ningesema maneno manne: nimeua mtu kwa uzembe. Badala yake nikasema, "Nimechoka, nipe maji." Nilipendelea aniite mzinzi. Hebu fikiria ujinga huo! Mzinzi ni neno ambalo wanaume hapa wanalivaa hadi kanisani. Muuaji sikuweza. Nikamwacha aamini, na kila Jumamosi nikaondoka, na kila Jumamosi akasimama mlangoni.

Halafu ikaja ile malaria, siku tano tu. Wewe ulikuwepo, ulishika beseni. Ulimsikia akiniambia, "Kile kitenge changu cha maua, mpelekee wa Ogwedhi. Mwambie asikikunje kikiwa kibichi." Ulisikia, nikaona uso wako. Tangu siku hiyo hujaniita baba, unaniita "wewe." Hakukuwa na mwanamke, Robi. Hakuna, hajawahi kuwepo. Na mama yako amelala ardhini akiamini yupo, na kitenge bado kiko kwenye sanduku, siwezi kukigusa. Nilipiga magoti kando ya kitanda kile na bado sikusema. Nilifikiri atapona. Nilifikiri nitamwambia Jumatatu.

Siombi unisamehe hapo. Sijui hata nani angekuwa na mamlaka ya kusamehe jambo hilo, maana mwenyewe ameondoka.

Baada ya matanga nilikwenda Rangwe kumwambia mjane. Niliapa. Nikafika, nikamkuta anapepeta mahindi mbele ya kile kibanda. Akanitambua, akasema, "Wewe ndiye fundi wa siku ile." Akanipa kigoda. Akaleta redio yake ndogo iliyokuwa imekufa, akaniuliza kama naweza kuitazama. Nikaitazama. Nikaitengeneza, bisibisi inateleza. Ilipoanza kuimba akatabasamu, akasema, "Fundi, nikushukuru pia kwa siku ile. Sauti yake ilitoka vizuri. Mama yake ni mzee, hasikii, lakini siku ile alimsikia mwanawe neno kwa neno, mpaka mwisho."

Ungesema nini? Mimi nilisema, "Ahsante, mama." Nikanywa uji wake. Nilirudi Homa Bay kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikijitukana kwa Dholuo, kwa Kikuria cha mama yako, kwa kila lugha ninayoijua.

Ukiniuliza kwa nini sasa, kwa nini kesho, nitakuambia ni kisiwa cha Mfangano.

Kuna kanisa kule lina boksi yangu, wanaiwasha kwa jenereta. Mwaka jana nilivuka, mtumbwi ukakwama kwenye magugu maji nusu siku, nikafika nimelowa, nikaurudisha waya wa kijani, nikatia fyuzi, nikafurahi. Hii nimeimaliza, nikajiambia. Lakini muda wa kusokota koili sikuwa nao, na mvumo ukarudi. Mchungaji akakunja uso. "Ogada, umetuharibia boksi. Tulikuwa na sauti safi, sasa tuna nyuki." Nikamwambia avumilie, ni sheria mpya. Sikumwambia sheria hiyo imeandikwa na maiti ya nani.

Wiki mbili zilizopita habari zikafika. Mchungaji alimwita kijana mmoja anayejua redio kidogo, naye akafungua plagi, akaona waya wa kijani, akaukata. Yeye mwenyewe, kwa akili yake, kama nilivyofanya mimi! Na binti mmoja wa kwaya, wa umri wako, akashika maiki akiwa na mkono kwenye jenereta. Ilimtupa. Amepona, mkono umeungua, anaimba bado. Angekufa wangesema Mungu amempenda zaidi.

Nilikaa na habari hiyo siku tatu sili. Ndipo nikaelewa kile ambacho ulikisoma shuleni kwa miezi na mimi kimenichukua maisha mazima. Ukimtengenezea mtu kifaa bila kumwambia hatari yake, hujamtengenezea. Atautazama ule waya aone usumbufu tu. Atautoa. Mimi nilikuwa fundi na niliutoa, sembuse kijana wa Mfangano. Miaka mitatu nimezunguka na koleo na waya mpya, nikificha maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa dawa. Boksi kumi na tano nimezipata. Ya Rangwe niliipondaponda kwa nyundo. Tatu hazijulikani: moja iliuzwa Ogwedhi kwa mtu wa Narok, moja ilivuka Sirari, moja iliibwa Rodi. Na hata zile kumi na tano, nani ajuaye ni ngapi zimeshakatwa tena?

Jumanne nilikwenda Kisumu, kituo cha redio. Mlidhani nimefuata vipuri. Karani wa matangazo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akachukua karatasi yangu, akasoma, akasoma tena.

"Mzee, hapa ni matangazo ya vifo. Marehemu ni nani?"

"Bado."

"Bado vipi?"

"Ukilisoma hili, hatakuwepo. Usipolisoma, atakuwepo."

Akaivua miwani. Akaniuliza kama nina hakika nataka jina langu lote na mji wangu. Nikamwambia bila jina nani ataamini? Watu watasema ni mshindani ananiharibia. Akaniuliza tena kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja. "Anajua?" Hapo ndipo barua hii ilipoanza.

Tangazo litasema hivi, nimelisoma mpaka limenikaa kichwani: kwamba mimi Ogada nilitengeneza amplifaya za bluu zilizoandikwa Sauti Safi, kwamba niliondoa waya wa ardhi ili zisivume, kwamba mwalimu wa Rangwe hakuitwa na baba yake wala hakuuawa na chira, aliuawa na boksi yangu, kwamba aliye nayo asiiwashe hata kwa sala moja, aiharibu au aniite nitaifuata popote. Karani alitaka kulipunguza liwe fupi. Alitaka kutoa maneno ya chira. Nikamwambia toa mengine yote, hayo uyaache.

Kwa hiyo kesho, nikishakusindikiza stendi, mimi sitarudi nyumbani. Nitapanda gari la Rangwe. Ninataka kuwa nimekaa kwenye kigoda cha yule mama kabla ya saa saba, nimwambie kwa mdomo wangu, asisikie kwenye redio niliyomtengenezea mwenyewe. Kaka mkubwa wa marehemu yuko pale, na mashemeji wengine wa mama huyo. Sijui watanifanya nini. Huenda wakanipeleka polisi, na hiyo ndiyo heri. Huenda wasinifikishe. Naogopa, Robi. Naandika hili na miguu yangu ni baridi na hakuna baridi. Nilijaribu kula samaki wa shangazi yako jioni, ukaona nimemwachia paka.

Ukifika Nairobi, nenda kwa mkubwa wako siku ya kwanza, umwambie Ogada wa redio ni nani kwako. Usingoje agundue. Akikufukuza kwa ajili yangu, sitakuwa na la kukulipa katika dunia hii, najua, nimelifikiria mpaka nikataka kumpigia yule karani simu afute kila kitu. Nilifika mpaka kwenye kibanda cha simu, sarafu mkononi. Nikawaza Jumamosi. Nikawaza mtu amevua viatu.

Lakini wakikuacha ufanye kazi, basi kuna siku utafika kwa fundi mwenye kelele, mwenye wateja wa kumchekea, atakayekwambia kalamu yako haijui bisibisi. Ataweza kazi, huyo, pengine kukushinda. Atakupa samaki. Mwanangu, usimwachie karatasi ukaondoka. Yule kijana wa viwango hakukosea kitu, alifanya yote sawasawa, lakini mara kwa mara namwota, na katika ndoto hiyo haondoki. Anakaa mlangoni kwangu ananiangalia mpaka nione haya. Wewe kaa. Kaa mpaka wateja waondoke, maana fundi hawezi kukubali kosa mbele ya watu waliomcheka mwenzake. Kisha umuulize kama ana mtoto, na kama mtoto huyo angeishika ile maiki.

Limebaki moja, na ndilo nimekuwa nikilizunguka tangu mstari wa kwanza.

Pale ndani ya basi, tangazo likiisha, watu wataanza. Mmoja atasema mtu kama huyo afungwe, mwingine atasema achomwe. Jirani yako ataona tikiti yako ya Homa Bay, atakuuliza, "Binti, huyo Ogada unamjua?" Nilikuwa nimeandika hapa kwamba unyamaze, utazame nje dirishani, kwamba mimi sitaumia, una maisha yako mbele. Utaona mahali nilipofuta, kalamu imetoboa karatasi. Nimefuta kwa sababu ni uongo, na wa kwangu umetosha. Nitaumia. Nataka uwajibu. Sema, "Ni baba yangu." Sema hata kwa hasira, hata kama hutaniita hivyo tena maishani. Halafu simama, uwaulize kwa sauti kama kuna yeyote humo ndani aliyeiona boksi ya bluu.

Ogada